Jina ulilompa mwanao, yeye analibebaje?

Kaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, usikilize nesi anavyoita majina kutoka kwenye kadi zilizopangwa mezani. Utasikia Jayden, Neema, Rayyan, Lightness, Kulwa na Doto. Katikati ya hayo litaitwa pia Shida, Tabu au Masumbuko, na mara nyingi hilo ndilo linalowafanya watu wageuze shingo.

Wanaogeuka hawana nia mbaya. Wanataka tu kumwona huyo aliyeitwa Shida. Lakini kwa mwenye jina, hiyo si mara ya kwanza. Ameshageukiwa shuleni, benki, kwenye usaili wa kazi, na pengine hata siku ya harusi yake.

Kazi yangu ya kuandika habari za afya imenikalisha kwenye mabenchi mengi ya aina hiyo. Nilichojifunza ni kwamba watu wazima wana mengi ya kusema kuhusu majina yao, ila hawaulizwi. Wapo wanaoyapenda, wapo walioyazoea tu, na wapo waliojibadilishia kimyakimya ukubwani, Tabu akawa Tabitha na Mwajuma akawa Mwaju.

Mzazi hutoa jina siku moja, kwa hisia za siku hiyo. Mtoto hulibeba maisha yake yote. Ndiyo maana jambo hili linastahili muda zaidi kuliko tunavyolipa, hasa katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, mama akiwa amechoka na ndugu wakiwa wamejaa sebuleni kila mmoja na jina lake.

Jina lilikuwa kumbukumbu

Kwa wazee wetu jina lilifanya kazi ya daftari. Lilieleza mtoto alizaliwa lini, wa ngapi na katika hali gani.

Pwani tunao akina Juma, Jumanne, Hamisi na Mwanahamisi kwa siku za wiki, na akina Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa miezi. Chausiku alizaliwa usiku. Mwanaidi alikuja na sikukuu. Mosi, Pili na Tatu walifuatana.

Usukumani, Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Majina ya Kulwa na Doto yamesambaa nchi nzima kiasi kwamba wapo wanaoyatumia bila kujua yametoka wapi.

Kwa Wajaluo wa Mara na wa Kenya, Otieno ni wa usiku, Odhiambo wa jioni na Okoth wa mvua. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, hivyo mjadala wa jina huisha kabla ya mimba kuonekana.

Mwigizaji Lupita Nyong'o ni mfano mzuri wa desturi hiyo kusafiri. Alizaliwa Mexico mwaka 1983 wazazi wake Wakenya wakiwa huko. Kwa mila ya Kijaluo ya kumwita mtoto kwa mambo yaliyomzunguka alipozaliwa, wakampa jina la Kimeksiko, Lupita, ambalo ni kifupi cha Guadalupe. Mtu anaweza kudhani jina hilo ni la kigeni, kumbe namna ya kulitoa ni ya kwao kabisa.

Siasa nazo zimeacha majina. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kuachiwa kutoka kizuizini na miaka miwili kabla Kenya haijawa huru. Kwetu tunao akina Uhuru, Mapinduzi na Azimio, na ukisikia jina tu unaweza kukisia umri wa mwenyewe.

Majina ya kudanganya kifo

Yapo majina ambayo leo yanatuchekesha au kutukera, lakini yalitoka kwenye maumivu makubwa.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mama aliyezika watoto wawili au watatu alimpa anayefuata jina baya makusudi. Wajaluo wana Ojwang', yaani aliyetupwa. Wakamba wana Mbiti, maana yake fisi. Wazo lilikuwa kwamba kifo kikisikia jina la kitu cha kutupwa au cha kuliwa na fisi, kitampuuza mtoto huyo na kupita.

Ukilitazama jina kama hilo kwa macho ya leo, unaona mzazi aliyemdhalilisha mwanawe. Ukijua lilivyotoka, unaona mzazi aliyekuwa tayari kufanya lolote mtoto apone.

Takwimu zinaonyesha hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto Tanzania wa mwaka 1991/92 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 141 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Bado ni wengi, lakini mama wa leo anayepata chanjo, chandarua na kliniki hana sababu ileile ya kujificha nyuma ya jina.

Jina lilibadilishwa pia mtoto alipougua au kulia kupita kiasi. Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mtembezi. Baada ya muda mfupi, kwa ushauri wa mpiga ramli, akaitwa Kambarage, jina la roho ya mvua kwa Wazanaki. Jina la Julius alilipata alipobatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka 21.

Hivyo Baba wa Taifa alishapita majina matatu kabla ya kufikisha miaka 22. Wanaosema jina likishatolewa haliguswi waanzie hapo.

Kanga isiyovuliwa

Kundi jingine ni majina ya ujumbe. Semeni. Siwatu. Sikudhani. Sikujua. Sijali. Mara nyingi hayasemi chochote kuhusu mtoto. Yanawasemesha majirani, mawifi, mke mwenza au mume aliyekimbia mimba.

Yanafanya kazi kama maandishi ya kanga. Mama hawezi kumjibu mama mkwe ana kwa ana, basi anamjibu kwa jina la mtoto, na kila mtoto anapoitwa kuja kula, ujumbe unarudiwa.

Tofauti ni kwamba kanga ikishafikisha ujumbe unaikunja na kuiweka sandukuni. Ugomvi unaisha, mama mkwe anafariki, majirani wanahama, na Semeni bado anaitwa Semeni akiwa na miaka 45 katika mkoa ambao hakuna anayejua nani alikuwa anaambiwa aseme.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya wanaoyapenda majina yao na wasioyapenda. Mara nyingi haitokani na uzuri wa jina. Inatokana na kama mtu alielezwa jina lake lilitoka wapi.

Masumbuko aliyeambiwa na mama yake kwamba alizaliwa baada ya safari ya siku mbili kwa baiskeli kwenda hospitali, na kwamba kila aliyemwona alishukuru, hulitaja jina lake bila kuinamisha kichwa. Masumbuko ambaye hakuambiwa lolote hubaki akijiuliza kama yeye ndiye aliyewasumbua.

Mitindo inavyokuja na kuondoka

Majina yana mitindo kama nguo. Kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru kilipata akina Tumaini, Furaha, Amani, Upendo na Baraka kwa wingi. Dini zilichangia. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya mwaka 1917 ilisisitiza mbatizwa apewe jina la mtakatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe kinyume na imani ya Kikristo, hivyo Neema na Upendo wanabatizwa bila kutafutiwa jina la pili.

Kaskazini, kwa Walutheri wa Kilimanjaro na Upare, kuna Elifuraha, Elineema, Elisante na Aikaeli, majina yanayomtaja Mungu na kumshukuru. Kwa Wanyakyusa kuna Tuntufye, yaani tumsifu, na Ambokile, yaani ameniokoa. Kwa Waislamu, jina hutolewa kwa kawaida siku ya saba pamoja na akika, na mafundisho yanahimiza jina lenye maana njema. Mtume Muhammad mwenyewe alimbadilishia mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila.

Mwaka 1994 televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara, na majina ya kwenye tamthilia yakaingia majumbani. Ndiyo miaka ya akina Brian, Kelvin, Doreen na Irene, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye baraka kama Goodluck, Happiness, Gift na Glory. Sasa tumefika kwa Jayden, Ethan, Liam, Rayyan na Inaya, na kwa majina yanayotengenezwa kwa kuunganisha herufi za baba na mama.

Si kosa kupenda jina la mbali. Juma ni la Kiarabu, Yohana ni la Kiebrania, na leo hakuna anayeyaona ya kigeni. Majina husafiri hata kwa upande wa pili. Marekani, hasa tangu miaka ya 1960, familia nyingi zenye asili ya Afrika zilianza kuwaita watoto kwa Kiswahili. Sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa mwaka 1966 ina misingi saba yenye majina ya Kiswahili, na miwili kati yake, Nia na Imani, ni majina ya wasichana wengi huko. Mtu anaweza kukutana na Imani wa Chicago anayejivunia Kiswahili, na Jayden wa Mbagala anayejivunia Kiingereza.

Ugumu wa mtindo ni kwamba huzeeka. Jina ambalo leo watoto sita wanaitikia darasani, baada ya miaka 30 litakuwa alama ya umri kama Azimio lilivyo sasa. Hilo si baya, mradi mzazi awe amelipenda jina lenyewe, si kwa sababu mtoto wa jirani anaitwa hivyo.

Wewe pia utaitwa hivyo

Kuna jambo ambalo wazazi wa mara ya kwanza husahau. Kwetu mzazi naye hupata jina kutoka kwa mtoto. Siku mwanao anapoitwa Brayan, wewe unakuwa Mama Brayan, na mumeo Baba Brayan. Sokoni, kwenye kikoba, msibani na kliniki, watu wengi hawatajua jina lako jingine.

Kwa hiyo ukimwita mtoto Matatizo, na wewe umekuwa Mama Matatizo. Ukimwita Furaha, utaitwa Mama Furaha hata siku unayolia. Wanawake wengi wameishi mtaa mmoja miaka 20 na jina lao halisi likajulikana siku ya kusoma wasifu wa marehemu.

Ni sababu nzuri ya mama kuwa na sauti katika uchaguzi wa jina. Zipo familia ambako shangazi au babu mzaa baba ndiye hutoa jina na mama hupashwa tu habari. Mila hiyo inaweza kuheshimiwa na mama akasikilizwa pia, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na jina la ukoo la kuitwa nyumbani na jina jingine la kwanza. La muhimu wazazi wakubaliane mapema lipi litaandikwa kwenye cheti.

Jina la huzuni linapotoka wodini

Hapa naomba wazazi, mawifi na wakunga tusikilizane.

Mama aliyejifungua juzi kwa tabu, aliyeachwa na mwenzake au aliyepoteza mtoto kabla ya huyu, anaweza kutaka jina kama Mateso, Sitaki au Shida. Wengi humcheka au kumkemea. Wachache humuuliza anajisikiaje.

Huzuni ndogo, kulia bila sababu na kuchoka roho ni mambo yanayowapata wanawake wengi siku chache baada ya kujifungua, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi wiki mbili, au mama akashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, akakosa hamu ya kumshika mtoto, au akataja kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika na anatakiwa kufikishwa kituo cha afya. Akitaja kudhuru, usisubiri hata siku moja.

Jina peke yake si kipimo cha ugonjwa. Lakini ni neno ambalo mama amelichagua mwenyewe kueleza hali yake. Kabla ya kumwambia abadilishe, mketishe, mpe uji, mshikie mtoto, umuulize lililomsibu.

Pia hakuna sababu ya kitabibu ya kuharakisha. Wodini mtoto mchanga hutambuliwa kwa jina la mama yake, huandikwa mtoto wa Asha au mtoto wa Maria, na huduma zote anapata. Jina linaweza kusubiri mama apumzike.

Herufi moja inavyosumbua

Ukishachagua jina, kazi ya pili ni kuliandika kwa namna moja tu. Kadi ya kliniki imeandikwa Brayan, cheti cha kuzaliwa Bryan, kadi ya bima Brian, na shuleni mwalimu kaandika Brayani. Kwenu huyo ni mtoto mmoja. Kwenye kompyuta wanaweza kuwa wanne.

Usumbufu huanza polepole. Dirisha la bima linasema majina hayafanani. Baadaye ni Kitambulisho cha Taifa na pasipoti. Kijana akiomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake cha kuzaliwa kinatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na jina likipishana na la cheti cha shule, mzazi ataanza safari za kwa wakili kuapa kwamba watu hao wawili ni mmoja.

Majina yanayofanana nayo yana hatari yake. Wodi moja inaweza kuwa na Neema John wawili. Shirika la Afya Duniani linashauri watoa huduma wamtambue mgonjwa kwa angalau vitu viwili, kwa mfano jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba haihesabiki. Mtoto wako akiletewa dawa, sindano au majibu ya maabara, taja majina yake matatu na tarehe yake ya kuzaliwa hata kama hukuulizwa. Hakuna nesi mwenye busara atakayekukasirikia kwa hilo.

Sheria inasemaje

Jina ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalitaja katika ibara ya 7, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 katika ibara ya 6, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 katika kifungu cha 6.

Ukijifungulia kituo cha afya unapewa tangazo la kizazi. Usilitupe na usiliache lilowe kwenye mfuko wa nepi. Kwa Tanzania Bara, usajili unatakiwa kufanyika ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, na chombo kinachohusika ni RITA. Kuanzia mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, hivyo uliza kituo unachopeleka mtoto chanjo kabla ya kupanga safari ya wilayani. Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Siku hizo 90 ni zawadi kwa familia. Zinatosha kujaribu jina, kulisikia mdomoni mwa bibi na mdomoni mwa watoto wa mtaani, na kubadili mawazo.

Kwa mtu mzima anayetaka kubadili jina, njia ipo. Huandaa hati ya kubadili jina kwa wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha akabadilisha nyaraka zake nyingine kwa kufuata hiyo. Ni halali na si utovu wa adabu kwa wazazi.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Aliposifika mjini akapata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, na ndilo tunalomjua nalo. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o aliacha jina la James kwa kuwa aliliona ni la mkoloni. Kule Zaire, mwaka 1972 serikali ya Mobutu ililazimisha watu kuacha majina ya Kikristo, na Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Siti na Ngugi walibadilika kwa hiari. Wazaire wengi waliamriwa, na katazo lilipoondolewa mwaka 1990 wengi waliyarudia majina yao. Jina lina uchungu pale mwenyewe asipoulizwa.

Wasikilizaji nao wajirekebishe

Tusiwatupie wazazi mzigo wote. Mwaka 2004 wataalamu wa uchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliofanyika Boston na Chicago. Walituma karibu maombi 5,000 ya kazi yenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa majina tu. Walioitwa kwa majina yanayozoeleka kwa wazungu, kama Emily na Greg, walijibiwa mara moja katika kila maombi 10 hivi. Walioitwa Lakisha na Jamal walihitaji kama 15.

Jamal ni jina zuri lenye maana ya uzuri. Kasoro ilikuwa kwa aliyesoma.

Kwetu nasi tuna mizani zetu. Tunasikia Mwajuma tukadhani ni wa kijijini, tunasikia Brayan tukadhani kwao wana gari. Mwalimu anayecheka jina la mwanafunzi mbele ya darasa amewapa wenzake ruhusa ya kumcheka mwaka mzima. Nesi anayeita Matatizo kwa sauti ya utani amemfanya mgonjwa afikirie mara mbili kabla ya kurudi, na asiyerudi kliniki hukosa dawa. Dawa ni ndogo tu, kuliita kila jina kwa sauti ileile.

Kabla hujajaza fomu

Mzazi unayesubiri mtoto, au unayemnyonyesha ukisoma haya kwenye simu, jaribu mambo machache.

Liite jina kwa sauti, pamoja na la baba na la babu, kama litakavyoitwa shuleni na hospitalini. Kisha mfikirie mwenye jina akiwa na miaka mitano, 25 na 60. Jina linalomfaa mtoto tu litambana akiwa mkubwa.

Ukikuta jina zuri la lugha usiyoijua, muulize mwenye lugha maana yake. Ukimrithisha mtoto jina la mtu aliye hai, mpe somo wake nafasi ya kumjua mtoto, kwa sababu jina la kurithi bila uhusiano ni herufi tu.

Chagua tahajia moja, iandike kwenye karatasi, mpe karatasi hiyo kila anayekwenda kujaza fomu kwa niaba yako. Soma tangazo la kizazi na cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Kurekebisha kosa siku hiyo ni dakika tano.

Kama mtoto wako ameshakua na jina ulilompa lina uchungu ndani yake, usingoje aulize. Mweleze ilikuwaje, nani alikuwepo, mvua ilinyesha au haikunyesha, na wewe ulijisikiaje ulipomshika. Na akikwambia halipendi jina lake, msikilize hadi mwisho kabla ya kumjibu.